Gredi B Niliyoidharau

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na ningependa niikumbuke kwa upole kama wazee wenzangu wanavyokumbuka ujana wao, lakini siwezi. Naikumbuka kwa hasira. Na leo hasira yenyewe imenipanda upya, kwa sababu asubuhi nilikwenda duka moja la vifaa hapa Goba kumsindikiza jirani yangu. Jirani anafunga boila ndogo ya kuchemshia maziwa, anatafuta bomba la chuma la kupitisha mvuke, na fundi wake kamwandikia kwenye karatasi: gredi B. Kijana muuzaji, amevaa akapendeza, simu mbili mkononi, akaisoma ile karatasi akatabasamu.

"Bibi, achaneni na hiyo B. Chukueni A, ndo yenyewe. B ni ya wasio na uwezo."

Nikamwuliza nani kamfundisha hayo. Akacheka. "Bibi nawe! Si A, B, C tu hiyo? Hata mtoto wa chekechea anajua A iko juu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka. Jirani akadhani jua limenizidi, akaniletea maji. Halikuwa jua. Yale maneno ni yangu, mwanangu. Niliyaamini mimi, neno kwa neno, nilipokuwa na umri wa yule kijana, na mtu alipoteza mkono wake kwa sababu ya maneno hayo. Kwa hiyo kaa nikueleze. Ukiona nafoka, nivumilie, maana anayefokewa zaidi hapa ni msichana mmoja wa zamani ambaye siwezi tena kumshika masikio.

Nilikuwa karani wa stoo katika karakana moja pale Manzese, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, enzi hizo mwendokasi hata hatujaiota. Tulitengeneza matangi, mageti, na mabomba ya viwanda vidogo vidogo. Mama yangu, aliyetoka Singida na kanga mbili, alikuwa anauza mitumba hapo hapo Manzese, na mimi nimekulia katikati ya mabelo. Belo likikatwa kamba, watoto tunajua kazi: hili shati gredi A, litundikwe, hili gredi B, litupwe chini kwenye turubai, hili la kudekia. Shuleni nako ikawa hivyo hivyo. A ni ya mwenye akili, B ni ya kujitahidi, na kuendelea huko chini ni aibu ya ukoo. Nilipata A ya hesabu, na nilihakikisha hakuna mtu Manzese nzima asiyelijua jambo hilo. Basi naingia kazini, kichwa kimejaa, sina swali la kumwuliza mtu.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Mchopa, mtu wa Newala aliyekuwa anakaa Mbagala. Mfupi, mpole wa sauti, mkali wa kazi. Kilichotuchekesha vijana ni kwamba hakuagiza kitu kwa mdomo. Alikuwa anachana kifuniko cha boksi la vijiti vya kuchomelea, anaandika kwa penseli anachotaka, herufi zimesimama wima, ndipo anakukabidhi. Na alikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa rangi ukutani: bomba likatwe kuanzia upande usio na maandishi. Kiwandani, mwanangu, bomba la maana huandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi na namba nyingi. Mzee Mchopa aliyaita maandishi yale jina.

"Ukikata maandishi umelikata jina," alikuwa anasema. "Na bomba lisilo na jina mie silichomelei."

Tulimcheka. Tukamtania kwamba siku moja atalifanyia bomba ubatizo, yeye ambaye ni Mwislamu. Alikuwa anacheka na sisi, halafu anarudi kwenye sheria yake.

Ikaja kazi ya Temeke. Kulikuwa na kiwanda cha kufulia mashuka ya nyumba za wageni, wana boila inayopeleka mvuke kwenye pasi kubwa ya kuviringisha. Bomba lao la mvuke limechakaa, wanataka jipya. Mzee Mchopa akaenda kupima, na kabla ya kuondoka akanipa kifuniko chake cha boksi. Kiliandikwa: A106 B, inchi mbili, skedyuli 80, lisilo na mshono.

Nikasoma, macho yangu yakaishia kwenye B. Ile mia moja na sita niliipita kama mtu anavyopita namba ya nyumba ya jirani asiyemhusu. Skedyuli nilijua ni unene wa ukuta wa bomba, hilo lilikuwa limeshazoeleka stoo. Lakini B! Nikasikia aibu kwa niaba ya mzee. Mteja mkubwa hivi tunampelekea mali ya kumwaga chini kwenye turubai? Nikasema moyoni, mzee huyu kazoea vya bei nafuu, wacha nimsaidie.

Nikaenda kwenye duka la vyuma. Nakumbuka mabomba mawili kama nayaona. Moja lilikuwa chini kwenye fremu, limejaa vumbi, ubavuni maandishi meupe yamefuata urefu wake, na katikati ya maandishi hayo nikaiona ile A106 na ile B. La pili lilikuwa juu, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, safi kabisa, halina maandishi ila herufi moja ya chaki, kubwa: A.

"Kaka, hili la A na lile la B yana tofauti gani?" nikauliza.

Muuzaji akaniangalia kiatu mpaka kichwa. "Dada yangu, si unaonekana msomi kabisa? A na B, ipi inatangulia?"

"A."

"Sasa unaniuliza mie nini?"

Wapagazi wakacheka. Na mimi, mwanangu, kitu nilichokuwa siwezi kukivumilia ni kuchekwa kwa kutojua. Nikasema fungeni hilo la A.

Ngoja nikuambie sasa nilichokuja kukijua baadaye, ili usibaki gizani kama nilivyobaki mimi. Ile A ya chaki ilikuwa ya muuzaji mwenyewe. Uani kwake, A ni bomba jipya, B ni lililotumika, kama vile mama yangu na belo lake. Lakini ile B nyeupe iliandikwa na kiwanda, na kiwanda hakigawi alama za mtihani. Kwenye ukoo ule wa mabomba ya mia moja na sita, A ndiyo dhaifu, B ina nguvu zaidi, na C inaizidi B. Herufi zile zile, lugha mbili, na mimi nilikuwa najua moja nikadhani najua zote.

Narudi karakana, Mzee Mchopa bado yuko Temeke. Mafundi wana haraka, wakalikata bomba vipande, wakapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Alasiri mzee akaingia. Akavitazama vile vipande, akaja dirishani kwangu.

"Binti, hili ndilo nililoliandika?"

Hapo ndipo pa kunikamata. Sikuwa nimefanya dhambi kubwa bado. Nilikuwa mjinga tu, na ujinga una dawa. Ningesema: mzee, ulitaka B, mie nimeleta A. Sentensi moja. Angepiga kelele, tungelirudisha bomba, ningechekwa siku mbili.

"Ndilo, mzee," nikajibu.

"Jina lake liko wapi? Silioni."

"Mafundi wamelikata. Walikuwa na haraka."

Nilijiambia simdanganyi, nimemzidishia tu, nimempa kizuri kuliko alichoomba. Mzee akageuka akawasema mafundi mpaka wakainamisha vichwa, wenzangu ambao hawakuwa na kosa, na mimi nimekaa dirishani, nachezea kalamu. Halafu akasimama kidogo. Nilimwona anavyosita. Mshono wa lile bomba, pale bati lilipokunjwa likaunganishwa, ulikuwa umesuguliwa vizuri na rangi imeingia mpaka ndani, na macho yake yalishaanza kuchoka. Akachukua kofia yake ya kuchomelea akaanza kazi. Kwa mara moja katika maisha yake Mzee Mchopa alichomelea bomba lisilo na jina, na alifanya hivyo kwa sababu stoo ilisema ndilo.

Bomba likafungwa, likajazwa maji na kusukumwa kwa pampu, halikuvuja. Mteja akafurahi. Unaona ubaya wa kitu hiki? Chuma kibaya hakikuumbui siku hiyo hiyo. Kinakuacha unasahau.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mzee akaitwa Temeke, kuna valvu inavuja. Walikuwa ndiyo wanaiwasha boila, na ndani ya bomba kulikuwa na maji yaliyolala. Mvuke ukiyakuta maji yamelala huyasukuma na kuyagonga, bomba linalia kama linapigwa nyundo. Bomba zuri hulia likanyamaza. Letu lilipasuka kwa urefu kama ganda la njegere, na mkono wa kulia wa Mzee Mchopa ulikuwa pale pale kwenye valvu. Mvuke wa namna hiyo hauonekani pale unapotokea. Mzee hakuona kitu, alisikia tu. Uliuchukua mkono wake kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni.

Bosi akatuita wote. Mteja alikuwa anataka jina la mtu wa kumlaumu. Bosi akaniuliza mimi, mbele ya mafundi: "Hilo bomba nani alilichagua?"

Kile kifuniko cha boksi kilikuwa ndani ya faili langu, umbali wa mkono. Mwandiko wa mzee, herufi zimesimama wima, A106 B, lisilo na mshono. Nikasema: "Aliyeagiza ni Mzee Mchopa."

Sikia jibu hilo lilivyo safi. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Kweli ni yeye aliyeagiza! Mpaka leo nikilikumbuka natamani niingie mle ofisini nimzabe kibao yule msichana na A yake ya hesabu. Bosi akasema basi, mzee ameshazeeka, macho hayaoni, hata bomba la mvuke halijui tena. Akaachishwa kazi akiwa kitandani hospitali. Mtu aliyekuwa hataki hata kipande kisicho na jina, akaondolewa jina lake yeye.

Nilikaa siku tano. Siku ya sita vipande vya lile bomba vikarudishwa karakana na kutupwa uani. Nikaenda kuvitazama wakati wenzangu wanakula. Ule mpasuko ulikuwa umenyooka, haujapinda popote, umefuata mshono mwanzo mpaka mwisho. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee aliandika lisilo na mshono. Nilikuwa nimekulia kwenye nguo, mwanangu, nilijua nguo inapofumukia, na bado sikujiuliza. Nikachukua kile kifuniko cha boksi, nikaenda Mbagala.

Mkewe alinikaribisha vizuri, hakujua. Nikamkuta mzee amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa mpaka juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nikampa kifuniko, nikamwambia yote, la chaki, la vumbi, mafundi, ofisini. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikaanza kulia, nadhani nilitegemea anihurumie.

"Nyamaza," akasema. "Usije kulia hapa, mie ndo nimeungua. Soma hicho."

"A106 B."

"Soma kama mtu anayejua."

Nikairudia vile vile, A106 B.

"Hiyo mia moja na sita ndo ukoo," akasema, na sauti yake ile ya upole haikuwepo tena. "Inakwambia bomba limezaliwa kwa kazi gani. Ukoo huu ni wa joto na mvuke, na mabomba yake hayana mshono. Kuna ukoo mwingine, A53, wenyewe una yenye mshono na yasiyo na mshono, na koo zote mbili zina A na B. Kwa hiyo herufi peke yake haina maana, inataka ukoo wake. B inakwambia nguvu. A ya humo ni mdogo wake B. Umesikia? Hukusoma chochote. Uliona herufi unayoipenda ukaichukua."

"Nisamehe, mzee."

"Kutojua nakusamehe hata sasa hivi. Mie mwenyewe nilikuwa sijui, nikafundishwa kwa kupigwa makofi. Lakini nilikuuliza. Nilikuja dirishani kwako nikakuuliza kwa mdomo wangu, ndilo hili? Mie sikuamini bomba, binti. Nilikuamini wewe."

Akageukia ukutani. Mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na chai, aliirudisha ile chai jikoni.

Kesho yake niliweka kile kifuniko mezani kwa bosi na kusema mbele ya mafundi wote kwamba kosa ni langu, na uongo ni wangu. Nilidhani nitafukuzwa, na nilistahili. Bosi alinitukana sana, halafu akatuma mtu Mbagala kumrudisha mzee. Mzee alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo lilikuwa mimi. Akasema asiondoke huyu, abaki stoo, nitamtumia.

Mkono wake ulipona kwa ngozi, lakini vidole vilikakamaa, haukushika tena kifaa cha kuchomelea wala penseli. Akawa anakaa kwenye stuli mlangoni mwa stoo. Kila chuma kinachoingia, nakisomea kwa sauti: ukoo, gredi, kipimo, unene, na namba ya chungu kilimoyeyushiwa, ambayo lazima ilingane na cheti cha kiwanda. Yeye anafumba macho anasikiliza. Akisema "Andika," naandika. Akisema "Rudisha," hata dereva aape vipi, kinarudi. Na agizo la kwenda dukani akawa ananitamkia, mimi naliandika kwenye kifuniko cha boksi kwa herufi zilizosimama wima. Miaka tisa nilikuwa mkono wa mtu niliyemuunguza mkono. Hakuwahi kuligusia tena jambo lile, na alipostaafu aliniaga kwa mkono wa kushoto.

Sasa turudi Goba, pale nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi. Nilikunywa maji ya jirani, nikanyanyuka, nikaingia tena dukani. Nikamwambia yule kijana alitoe nje bomba la gredi B, alifute vumbi, anisomee kilichoandikwa ubavuni. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini heshima ilikuwepo, akalitoa. Akaanza kusoma kwa kicheko, namba ya kwanza, ya pili. Alipofika A106 akasimama, akainua uso.

"Bibi, samahani. Hii mia moja na sita ndo nini?"

Lile swali, mwanangu. Ni swali dogo mno, linamalizika kwa pumzi moja. Ningeliuliza mimi siku ile, mbele ya wale wapagazi wacheke mpaka walale chini, Mzee Mchopa angekufa na mikono miwili. Nilimfundisha pale pale juani, na bado nilikuwa nimekasirika, na sikumficha.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Usisome herufi bila ukoo wake. Wewe unayepaua nyumba unajua fika bati la geji thelathini na mbili ni jembamba kuliko la ishirini na nane, namba imepanda na bati limepungua, na hilo halikushangazi. Kichwa cha bolti kina namba zake, chuma kisichopata kutu kina zake, na kila ukoo unahesabu kwa namna yake, hivyo usilazimishe vyote vihesabu kama shule yako au kama belo la mama yako. Chaki ya muuzaji si maandishi ya kiwanda. Ukikata, bakiza maandishi, na ukibaki na kipande, yahamishie hapo kabla hujasahau. Kisicho na jina usikipeleke kwenye mvuke. Usipojua, uliza, uchekwe, urudi nyumbani. Na mtu akija dirishani kwako akakuuliza, "Ndilo hili?", jua kwamba anakaribia kuweka mkono wake mahali ambapo wewe hutakuwepo. Mjibu kama anayeuona mkono huo.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na akupe mdomo usioona haya kuuliza. Akutunzie macho ya kusomea. Na mikono yako hii, na ya kila atakayeishika kazi yako akiwa ameliamini neno lako, aifikishe uzeeni yote miwili.